Wagonjwa wa Mwalimu Elimringi

Simu ilimkuta Nalepo zizini huko Nduruma, mkono wake mmoja ukiwa juu ya ubavu wa ng'ombe wa Lesikar. Ng'ombe huyo alikuwa amesusa majani tangu jana yake, na Lesikar, mwenye mali, alikwisha kuueleza ugonjwa wote tangu mwanzo hadi mwisho na dawa yake akaitaja. Nalepo alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali lake la siku zote: "Anayemkamua ni nani?"

Alikuwa Magdalena, mke wa Lesikar, aliyesimama pembeni na ndoo yake. Ndiye aliyesema kwamba juzi jioni ng'ombe alikata kamba, akalivamia gunia la pumba na kulila karibu lote. Ugonjwa ukawa umepatikana hapo hapo. Miaka ishirini na miwili ya uafisa mifugo ilikuwa imemfundisha Nalepo jambo hilo: mwenye ng'ombe anajua bei yake, lakini habari zake anazo yule anayeshinda naye.

Alijifuta mikono, akapokea simu.

"Nalepo," sauti ikasema, "nina wagonjwa."

Aliitambua kabla haijamaliza. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Elimringi, aliyemfundisha hesabu miaka minne ya sekondari.

"Shikamoo mwalimu. Poleni sana. Ni ng'ombe au kuku?"

"Marahaba. Ni samaki."

Nalepo alidhani mtandao umemchezea. "Samaki, mwalimu?"

"Wa kwenye kioo. Wa Mama Violet. Walikuwa wanane, sasa ni watano. Njoo, mwanangu. Hawa wakiisha sijui nitamwambia nini."

Angeweza kusema kweli, kwamba chuoni samaki walisomeshwa wiki moja tu, tena wa bwawani. Lakini mtu aliyekufundisha kugawanya kwa desimali humwambii hujui. Alasiri hiyo hiyo akapanda hadi Moshono, nyumbani kwa mwalimu.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa safi kupita kiasi, kama zilivyo nyumba ambazo mwanamume mzee amelazimika kujifunza usafi ukubwani. Kapeti lilikuwa limenyooshwa, vikombe vimepangwa kwa ukubwa. Karibu na dirisha, kwenye kiti chenye mito, alikaa mke wake, Mama Anande; Anande ni jina lake mwenyewe, lakini mumewe alimwita Mama Violet, kwa jina la binti yao. Kiharusi kilikuwa kimempata mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, kikaulegeza upande wake wa kulia na kuyavuruga maneno. Binti yao Violet, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyeleta tangi la kioo na samaki wa dhahabu, ili mama awe na kitu kinachotembea mbele ya macho yake.

"Shikamoo mama," Nalepo alisema, akainama kumshika mkono.

Mama Anande alifungua kinywa.

"Anasema marahaba," Elimringi akajibu. "Anaendelea vizuri. Amekula, amelala vizuri. Njoo uwaone."

Samaki watano walikuwa wamekusanyika juu kabisa, midomo yao ikigusa hewa, wakimeza na kumeza. Mapezi waliyakunja, wakayabana mwilini kama mtu aliyeshikwa na baridi. Mkubwa wao alikuwa na michirizi myekundu kwenye mkia, na utando mweupe mwembamba ulimfunika mgongoni. Nalepo aliwatazama kwa dakika tano, labda sita. Mwalimu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, jinsi alivyokuwa akisimama nyuma ya madawati siku za mtihani, na Nalepo akaona haya kukaa kimya muda mrefu.

"Ni bakteria," alisema. Wekundu na utando alikuwa ameuona kwa wanyama wengine, na neno lenyewe lilikuwa na uzito wa kutosha. Kwenye begi alikuwa na dawa ya unga ya kuku, ya kuyeyusha majini. Akakadiria kijiko, akakoroga, maji yakawa ya manjano. "Siku tatu, mwalimu. Kila asubuhi kipimo hiki."

Kutoka kwenye kiti ikaja sauti. "Ki... kita... kitambaa."

"Anataka kitambaa," Elimringi alisema, tayari akichomoa leso mfukoni. Alimfuta mkewe mdomo kwa upole mkubwa. Mama Anande aliusukuma mkono wake kwa mkono wa kushoto, akarudia kwa nguvu zaidi: "Kitambaa!"

"Ndiyo, mama, nimekufuta." Akamgeukia Nalepo, akashusha sauti. "Aliuza vitenge miaka thelathini pale sokoni. Sasa neno hilo ndilo limebaki. Kila kitu ni kitambaa."

Nalepo alitikisa kichwa kwa huruma, akaaga.

Asubuhi ya Ijumaa simu ilipoita, alijua kabla ya kupokea. Wawili walikuwa wameelea usiku. Maji yamegeuka kama ya kuoshea mchele. Mwalimu hakulalamika, alieleza tu, kwa mpangilio, na mwisho akauliza, "Niendelee na dawa?" Swali hilo lilimchoma Nalepo kuliko lawama. Alikuwa amempa mzee yule jibu bila kufanya hesabu, naye mzee alikuwa amelipokea jibu na kulitii, kijiko kwa kijiko.

"Usiendelee, mwalimu. Nisubiri."

Alimpigia Derick, kijana waliyewahi kufanya naye kazi ofisi moja, ambaye sasa alishughulika na mabwawa ya samaki. Derick alimwacha aeleze mpaka mwisho.

"Maji umepima?" akauliza.

"Sikupima."

"Dada Nalepo, samaki anakula, anapumua na anajisaidia ndani ya maji yale yale. Kabla hujamgusa samaki, yaguse maji. Na haya ya kwetu, ya huu mlima, yana magadi. Amonia ikiwemo kidogo tu, kwenye maji ya hivi inakuwa kali mara nyingi zaidi. Inawachoma mashavu wanayopumulia, ndiyo maana wanakimbilia juu. Wanaumwa kila siku sawasawa, au kuna siku wanazidiwa?"

"Sijui."

"Anayewachunga ni nani? Muulize huyo."

Derick akakata simu. Swali la Nalepo mwenyewe, la miaka ishirini na miwili, lilikuwa limerudishwa kwake na mtu mwingine. Alikuwa ameliacha zizini, akaingia kwenye ile nyumba safi na kuzungumza na mwenye mali peke yake.

Alasiri alifika Moshono na kichupa cha kupimia alichopewa na Derick. Alichota maji ya tangi kwenye kibomba kidogo cha kioo, akadondosha matone, akatikisa. Maji salama yangebaki ya njano. Haya yalianza njano, yakawa kijani kibichi, yakaendelea mpaka kijani cha jani la mgomba.

"Mwalimu," alisema, "niliyoyasema Jumanne sikuyajua. Nilibahatisha. Hawa wanaungua na maji yao wenyewe, na dawa yangu imeongeza ubaya. Nisamehe."

Elimringi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na uchafu unatoka wapi? Hili tangi ni safi kuliko sufuria zangu."

"Ndiyo nataka kuuliza." Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Mama Anande, macho yao yakawa sawa. "Mama, wewe unashinda nao. Hawa samaki, wanazidiwa siku gani?"

"Wanazidiwa ovyo tu," Elimringi alisema. "Siku hizi ni—"

"Mwalimu, naomba tumwache yeye."

Alisema kwa heshima, lakini alisema. Elimringi akafunga mdomo. Midomo ya Mama Anande ilijikunja, ikaachia, ikajikunja tena. Neno lilikuwa linamjia na kumponyoka. Nalepo alitamani kumsaidia, kumtajia siku moja moja, lakini alijizuia. Zikapita dakika mbili, pengine zaidi. Mzee aliinua mkono mara mbili kama mtu anayetaka kudaka kitu kinachoanguka, na mara mbili akaushusha.

Kisha Mama Anande alianza kuhesabu, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeimba siku za wiki. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi." Akasimama. Aliupiga mkono wa kiti. "Jumamosi!"

"Wanazidiwa Jumamosi?"

Alitikisa kichwa kukataa. Akaonyesha mbele kwa kidole, kama anayeruka kitu.

"Baada ya Jumamosi?"

"Eee!" Macho yake yaling'aa. "Kitambaa." Akauinua mkono wa kushoto kuelekea pampu iliyokuwa ikinguruma kwenye kona ya tangi, akaufumba, akaufumbua, akaufumba, kama anayekamua nguo.

Nalepo alitazama pampu, akatazama ule mkono. "Sponji," alisema taratibu. "Mama anasema sponji ya chujio, iliyo mle kwenye pampu. Mwalimu, Jumamosi unaifanya nini?"

"Naiosha," Elimringi alisema. "Kila Jumamosi, kabla ya kufua. Kwa maji ya moto na sabuni, nasuuza mara tatu. Na mawe pia. Nahakikisha imekuwa nyeupe kabisa." Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Kesho ndiyo siku yake."

Ilibidi Nalepo amwambie yale ambayo Derick alikuwa amemweleza alipopitia kwake kuchukua kichupa, naye akayasema kwa ufupi jinsi alivyoweza. Ule ute wa kahawia kwenye sponji haukuwa uchafu. Ndani yake waliishi wadudu wasioonekana, wa faida, ambao kazi yao ni kula sumu ya samaki. Huchukua wiki nyingi kuzaliana. Kila Jumamosi waliuawa wote, na kila Jumapili samaki waliamka kwenye maji yasiyo na mlinzi. Sponji huminywa tu, kidogo, ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ikarudishwa na ukahawia wake.

"Basi ni mimi," Elimringi alisema.

"Na mimi pia, mwalimu. Dawa niliyoweka inaua wadudu hao hao."

Lakini hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama mkewe. "Umelijua tangu lini?"

Mama Anande aliinua vidole vitatu. Akafikiri, akaongeza cha nne.

"Wiki nne," mzee alisema. "Wiki nne unaniambia, na mimi nakufuta mdomo."

Alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Nalepo alimsikia akifungua bomba, maji yakimwagika muda mrefu bila kugonga chombo chochote. Hakumfuata. Mama Anande naye hakuonekana kutaka afuatwe. Alikuwa ameegemea mito, amechoka, na usoni mwake mlikuwa na utulivu wa mtu aliyetua mzigo. Baada ya muda alinyoosha mkono wake mzuri na kugusa goti la Nalepo.

"Asan..." alisema. Akajaribu tena, akaacha, akacheka kidogo. Nalepo akacheka naye.

Mzee aliporudi, mikono ya shati ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. "Niambie la kufanya," alisema. "Moja baada ya jingine."

Walitoa theluthi ya maji, wakaongeza mengine yaliyokuwa yamekaa kwenye ndoo tangu jana, ya joto lile lile. Dawa ya kuku ilirudi kwenye begi. Samaki wasipewe chakula siku mbili. Baadaye kidogo tu, kinachoisha kabla hujahesabu hadi mia. Maji yabadilishwe kidogo kidogo kila siku, na yapimwe. Jumamosi mwalimu akae na mkewe tu, au afue nguo.

Jumapili mmoja alikufa, yule mkubwa mwenye mkia mwekundu. Mwalimu alimpigia simu Nalepo kumjulisha, na kwa mara ya kwanza hakusema "samaki wa Mama Violet". Alisema, "Anande amesikitika. Amelia kidogo. Nilimuuliza tumzike wapi, akaonyesha chini ya mti wa kahawa." Nalepo aligundua kwamba katika miaka yote hakuwahi kumsikia akilitamka jina hilo.

Wawili waliobaki walichukua muda. Wiki ya kwanza kibomba kilionyesha kijani, ya pili kijani hafifu. Nalepo alipita kila alipokuwa na safari ya kuelekea juu, na kila mara alikuta kigoda kimewekwa karibu na kiti chenye mito, na daftari ambalo mwalimu aliandika alichoambiwa na mkewe: siku aliyoona samaki mdogo ametandaza pezi, siku waliyoshuka chini kutafuta chakula kwenye mawe. Maneno mengine aliyaandika jinsi yalivyotoka, yasiyo na maana, na kuweka alama ya kuuliza pembeni.

Wiki ya sita Nalepo alidondosha matone, akatikisa, wakasubiri wote watatu. Maji yakabaki ya njano. Ndani ya tangi samaki wawili walikuwa wakikimbizana kuzunguka pampu, mmoja mkia wake umechanika na kuota tena vibaya.

Wakiwa wanakunywa chai, Violet alipiga simu kutoka Dodoma. Mwalimu aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Binti alikuwa ameona samaki wazuri, weusi wenye macho makubwa; je, awaletee hata sita Pasaka ili tangi lisikae tupu?

"Ngoja nimuulize mwenyewe," Elimringi alisema, akamgeukia mkewe. "Tuongeze?"

Mama Anande alilitazama tangi. Midomo yake ikaanza kutafuta. Violet, upande wa pili, alisema "Haloo? Baba? Mmenisikia?" na mwalimu akajibu, "Tumekusikia. Subiri." Nalepo alishika kikombe bila kunywa. Chai ya mwalimu ilikuwa inajiwekea utando juu, naye hakuigusa. Alikaa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasubiri.

"Ba..." Mama Anande alisema. Alipumua, akarudi mwanzo. "Ba-do."

"Bado," Elimringi akamwambia binti yake. "Mama anasema bado."