Chupa Isiyokwisha

Kila Ijumaa asubuhi, mjukuu wake akianza tu kujimwagia maji bafuni, bibi alitoka uani kwa kunyata, akafungua mlango wa gari, akatoa chini ya kiti kichupa cha mafuta ya breki cha mjukuu wake. Alikunja karatasi ikawa kama koni, akainamisha kopo lake la mafuta ya cherehani, akamimina taratibu asimwage hata tone. Yalikuwa mepesi, angavu kama machozi. Ya breki nayo yalikuwa angavu, na kwa macho ya bibi, yaliyochoka kutunga uzi kwenye sindano kwa miaka arobaini, hayakuwa na tofauti yoyote. Mafuta ni mafuta, alijisemea, kazi yake kulainisha.

Mjukuu aliitwa Uzi. Jina hilo alipewa na bibi huyo huyo siku aliyozaliwa, kwa wembamba wake. Sasa alikuwa mwanamke mzima, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli na kuyapeleka kabla ya saa nne. Gari alilinunua kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyokaa. Aliyemuuzia alimwonya kuwa breki na klachi zake zinakunywa mafuta kutoka kopo moja chini ya boneti, kwa hiyo aliongezee kidogo kila wiki. Uzi aliongezea. Ila kununua chupa nyingine alisahau kila mara, na kusaidiwa hakupenda tangu utoto. Ndiyo maana bibi akaamua kumsaidia kwa siri.

"Chupa yangu ina baraka, Bibi," Uzi alisema siku moja, akiitikisa kwenye jua. "Namimina, haiishi."

Bibi alimeza kicheko pamoja na chai.

Halafu gari likaanza kuota ndoto zake. Pedali ya klachi ilizama na kubaki chini, kama kuna mtu kalala na mguu juu yake. Breki zilishika zenyewe barabara ikiwa tambarare, na magurudumu yakapata moto hadi yakanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Uzi akisimama, akashusha mashuka, akarudi, gari lilikuwa limetulia kabisa, halijui lolote. Alisema mwenye gari wa zamani bado hajashuka, ameacha mguu wake mle ndani.

Fundi aliyelishughulikia walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alibadilisha pampu ya breki, akabadilisha ya klachi, akatoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta. Gari likaenda vizuri wiki mbili. Ijumaa zikapita, mguu ule ukarudi. Mara mbili mashuka yalifika hoteli saa sita, na mkubwa wa hoteli akasema ya tatu hataisubiri.

Jumatano jioni Uzi alikunja foronya bila kuinua macho. Akasema mtu wa kulinunua gari anakuja Jumamosi. Baada ya hapo atahamia kwa shangazi yake, mbali, akatafute kazi huko. Hakusema bibi atabaki na nani. Bibi akaendelea kupiga pindo, na pindo likaenda upande.

Kesho yake asubuhi Uzi alisema atampa Taratibu nafasi ya mwisho. Bibi akaomba kwenda naye. Aliketi nyuma katikati ya mashuka, na weupe ukamfunika hadi kifuani. Harufu ya sabuni, joto la pasi, dirisha likipitisha kuta na miti polepole. Gari lilitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji. Bibi alisinzia, akajiona kwenye cherehani yake, anakanyaga, anakanyaga, na kitambaa cheupe kinatoka bila mwisho, lakini chini kuna mkono umeshika gurudumu. Akauinamia mkono ule autazame. Ulikuwa na pete yake.

Alipozinduka walikuwa wameshafika gereji.

Taratibu alifungua pampu, akatoa kijiraba cha ndani, akakiweka kiganjani karibu na kipya. Cha zamani kilikuwa kimevimba kama haragwe lililolala kwenye maji.

"Kikivimba hivi hakirudi nyuma," alisema. "Kinaziba njia, mafuta hayarudi. Basi breki zinashika, klachi inazama. Gari likipoa, linaachia."

Aliomba bilauri ya maji. Akatia matone ya mafuta mapya ya breki kutoka rafuni mwake, yakayeyuka majini yakapotea. Akamwaga maji hayo, akatia mengine, kisha akatia matone kutoka kwenye kichupa cha Uzi. Hayo yakaelea. Yalitanda juu ya maji, yakashika rangi zote za mbingu ya baada ya mvua, mazuri mno kuyatazama.

"Haya si ya breki. Nani kakuuzia?"

Uzi aliwaka. Alimtaja mwenye duka la pale kona, akasema leo atamjua, anauza vifo kwenye chupa, atamwaibisha mbele ya wateja wake. Alikuwa ameshanyanyua mkoba.

Bibi alitazama zile rangi. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwenye duka angekana, Uzi asingemwamini, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliwaza mteremko wa kwenda hotelini, na Uzi peke yake juu ya mteremko ule, kila siku, akiendesha juu ya wema wake yeye.

"Rudi, mwanangu. Mwenye duka hana kosa. Ni mimi. Ni mafuta ya cherehani."

Akaeleza yote, Ijumaa kwa Ijumaa, hadi koni ya karatasi. Uzi akaushusha mkoba wake. Taratibu akajifanya anatafuta spana.

"Bibi," Uzi alisema hatimaye, "ungeniua."

"Najua."

"Ndiyo baraka yenyewe hiyo."

"Ndiyo hiyo."

Uzi aliketi kwenye tairi bovu, akajifunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, na bibi hakujua analia au anacheka, mpaka akasikia vyote viwili.

Taratibu alisema raba zote zitolewe, mabomba yaoshwe, mafuta yawe mapya, na baada ya hapo ule mguu hautarudi. Uzi akatoa simu, akamwambia yule mnunuzi asije, gari haliuzwi. Kisha akapiga hoteli kusema mashuka yatafika kwa mkokoteni, saa nne kasorobo, na akatoka kuutafuta.

Aliporudi kutoka hotelini, kazi iliyobaki ilikuwa kutoa hewa. Taratibu akaingia chini ya gari, akasema anahitaji mtu wa kukanyaga, mwenye subira, asiyerukaruka. Uzi akamtazama bibi yake, akamfungulia mlango wa dereva.

"Panda. Miaka arobaini umekanyaga cherehani. Ila usiongeze kitu."

Bibi akavua kiatu. Sauti ya Taratibu ikatoka kama chini ya ardhi: kanyaga, achia, kanyaga, shikilia. Gari likapumua viputo, gurudumu moja baada ya jingine. Kidogo kidogo pedali ikakaza chini ya unyayo wake, ikasimama imara, na alipoachia ikarudi juu yenyewe.