Darasa la Jumapili Redioni

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya hoteli, na Cresensia alikuwa mapokezi akimtafutia mzee mmoja wa Kijerumani ufunguo wake, aliposikia jina lake likitajwa kwenye redio ya upepo.

Mwaka ule wa elfu mbili na moja, hoteli za juu ya kreta ya Ngorongoro zilikuwa na simu ya waya iliyokufa kila mvua iliponyesha. Kwa hiyo mambo yote yalipita redioni: nyama imekwisha, gari limekwama, mgeni kasahau miwani. Ukisema neno, limesikika Karatu, limesikika Malambo, limeingia kwenye kila gari la watalii huko chini. Mtu mwenye akili hakutoa siri pale. Lakini Mzee Obed, Mchaga wa Machame mwenye kambi za mahema Karatu, alikuwa na haraka zake, na simu ilikuwa imekufa tena.

"Fabian, unanisoma? Una mfanyakazi hapo mapokezi, Cresensia. Ameniletea maombi ya umeneja. Anasema ana shahada ya biashara, hizi za kusomea nyumbani kwa posta. Sasa hiyo ni shahada au ni cheti cha ubatizo? Ova."

Cresensia akaacha kutafuta ufunguo. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Fabian, meneja wake, alikuwa ameshika kipaza sauti mkononi. Fabian hakujua lolote. Miaka sita Cresensia alisoma kwa kujificha, vitabu chini ya blanketi za akiba kwenye chumba cha mashuka, mitihani Arusha kwa kisingizio cha kumpeleka mama hospitali. Hakupenda uongo huo. Lakini Eva wa jikoni aliomba ruhusa ya kusomea upishi, akafukuzwa wiki ile ile. "Mtu akianza kusoma, ameshaanza kufunga mizigo," Fabian alisema. Na kule kijijini Daa, mama yake na mwanawe Jackline walikuwa wanakula mshahara huo huo wa mapokezi. Sasa Obed anamdharau na Fabian amejua. Angeshuka mlima hana kazi hii wala ile.

Fabian akageuka, akamtazama. Kabla hajajibu, sauti nyingine ikaingia.

"Mzee Obed, ni Elibariki dereva, niko huku kreta na wageni. Samahani kuingilia. Hiyo shahada tumeisoma wote. Ova."

"Wote akina nani?"

"Sisi madereva! Kila Jumapili mkiwa kanisani Karatu, wewe na bosi Fabian, huyu dada na Parsimei wa zahanati ya Malambo wanafungua darasa humu redioni. Sisi tunasubiri simba aamke, wao wanabishana gharama zisizobadilika. Mke wangu nikimwambia sufuria zetu zina uchakavu ananifukuza jikoni. Ova."

Watu wakacheka hewani, mmoja akapiga mluzi. Kisha Parsimei mwenyewe akaja, na ile sauti yake ya Kimasai isiyo na papara.

"Ni kweli, mzee. Mimi natunza stoo ya dawa huku, nasoma shahada hiyo hiyo. Takwimu ilinishinda, nikataka kuacha. Dada akanitukana kidogo, akaanza kunifundisha upya. Yeye amemaliza, mimi bado. Ova."

Obed aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mimi nilidhani anayesoma hivyo anajifungia na makaratasi yake. Nikasema, huyo ataongozaje watu? Nakuja huko."

Fabian akazima redio. Yule Mjerumani alikwisha kujichukulia ufunguo mwenyewe na kuondoka.

"Kwa redio yangu," alisema Fabian.

"Jumapili tu, bosi. Wakati haina kazi."

"Na ukaona mimi si mtu wa kuambiwa."

"Eva alikuambia."

Fabian akaweka kipaza sauti mezani. Akaenda dirishani kutazama ukungu, kana kwamba kuna kitu cha kuona.

"Ofisi kuu Arusha wananisumbua nitafute msaidizi mwenye shahada," akasema bila kugeuka. "Nimeuliza mpaka Nairobi. Kumbe analala chumba cha tatu nyuma ya jengo la dobi."

"Kwa hiyo hunifukuzi?"

"Nimekasirika, mama Jackline. Usinichanganye."

Obed alifika mchana, Landrova lote tope. Aliingia akiwa ameshika kofia, akamwomba Cresensia radhi kwa kumwanika hewani, kisha akamgeukia Fabian. "Nipe neno lako juu yake. La kweli."

Cresensia alisimama nyuma ya kaunta. Neno moja baya sasa, na Obed angerudi na Landrova lake.

Fabian akamtazama Cresensia. "Amenificha jambo miaka sita," alisema, "na sipendi. Lakini nikiwa Karatu Jumapili, nakula ubwabwa bila wasiwasi. Nikimwachia mtu mwingine, chakula hakishuki."

Obed akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi, dada, njoo. Tuanze kama msaidizi, miezi mitatu, tuione hiyo shahada ya posta inavyofanya kazi. Baadaye umeneja."

Hapo ndipo Cresensia alipopata sauti yake. "Mzee, yule meneja wako kijana aliyekuacha katikati ya msimu, alisoma wapi?"

"Chuo cha bweni. Miaka mitatu kamili."

"Ulimwanzisha na cheo gani?"

Obed akakuna shingo. "Umeneja."

"Basi na mimi. Kama ni majaribio, niyafanye nikiwa meneja. Nikishindwa, nitashuka mwenyewe."

Obed akamtazama Fabian kuomba msaada.

"Usiniangalie mimi," Fabian akasema. "Ukisita, mimi naandika Arusha leo hii kwamba msaidizi nimempata."

Obed akacheka, kicheko cha mtu aliyezidiwa bei sokoni na bado anakitaka kitu. Akanyoosha mkono juu ya kaunta. "Tarehe mosi. Meneja."

Cresensia akaupokea. Akaaga kwa heshima, akatoka nje kwa mwendo wa kawaida, na alipofika kwenye ukungu ambako hakuna aliyemwona, akaanza kucheka peke yake, kwa sauti, mpaka askari wa getini akaja akimulika ukungu kwa tochi kumwuliza kama yu mzima.

"Mzima," akamwambia. "Mzima kabisa."