Mgombea Aliyefungwa Selotepu

Jumapili baada ya ibada, wanachama wa Umoja wa Wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa walikusanyika ghorofa ya pili ya mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei kuwasikiliza wagombea. Baada ya maswali wangepiga kura ya mchujo, ili jina moja kati ya mawili lipelekwe kwenye uchaguzi wa kiongozi wa Watanzania wote wa Guangzhou, China, mwezi unaofuata. Viti vilikuwa arobaini na watu hamsini na kitu. Waliokosa viti walikalia marobota ya nguo waliyotoka kununua soko la Shisanhang, maana hakuna aliyeona haja ya kuyapeleka kwanza kwa wasafirishaji wa kago.

Clementina alikaa safu ya mbele na bahasha mapajani. Kaka yake, Respicius, alifariki ghafla kwa moyo mwezi wa sita, na sasa mwezi wa kumi alikuwa bado kwenye jokofu la hospitali. Nauli ya mwili haikuwa shida, watu walishachanga. Shida ilikuwa majina. Kwao Bukoba kila mtoto hupewa jina lake la mwisho, si la baba, kwa hiyo kaka na dada wa tumbo moja walikuwa na pasipoti zisizofanana hata kidogo, na hospitali haikuwa radhi kumkabidhi maiti mtu baki. Ilitaka barua ya uthibitisho yenye muhuri wa umoja. Muhuri ulikaa kwa katibu, na katibu alikuwa Rodrick, mgombea wa kwanza. Clementina alishampelekea barua hiyo, iliyokuwa ndani ya bahasha, mara tatu bila kugongewa.

Rodrick alisimama, suti ya kijivu imemkaa sawasawa, akaahidi kwamba akipita, bei ya kago itashuka nusu. Visigino vyake viliachana na sakafu. Akaahidi kliniki yenye daktari anayejua Kiswahili, akapanda hadi usawa wa meza. Alipofika kwenye ahadi ya jengo la umoja, la ghorofa nne, ilibidi ainamishe kichwa kukwepa feni. Mwenye mgahawa, ambaye wote humwita laoban, yaani bosi, alikuja akaizima feni, akarudi jikoni.

"Huku nyuma hatusikii!" mtu alilalamika.

Agustino, mwendesha mdahalo, alitazama saa yake. "Ndugu mgombea, umebakiwa na dakika nne. Shuka kidogo wakusikie."

Rodrick alisema hilo linawezekana kabisa, akapanda tena.

Hawa ni watu waliofunga mizigo miaka na miaka, hawakuhitaji kuelekezwa. Mmoja alimvuta mguu, wawili wakaleta selotepu, wakamkalisha kitini na kumzungushia kifua, kiuno na miguu, wakiikata kwa meno kama kawaida yao. Kiti nacho kikaanza kunyanyuka. Clementina ndiye aliyeona kwamba selotepu ya mgongoni haijashika vizuri, akaibana kwa kiganja, na ndiye aliyeshauri robota la jinzi liwekwe mapajani. Lilikuwa la kilo sitini. Kiti kikatulia.

"Asanteni sana, ndugu zangu," alisema Rodrick, na akaendelea na jengo lake.

Mgombea wa pili alikuwa Nelly, mwanamke wa Geita anayenunua viatu soko la Liuhua. Alizungumza dakika mbili akiwa amesimama palepale, na watu wakapata nafasi ya kumiminiwa chai. Kisha yakaja maswali, na Clementina akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Rodrick, kaka yangu atatoka lini?"

"Dada Clementina, pole tena. Respicius ni ndugu yetu sote. Ni wiki hii hii. Na siishii kwenye barua, nitamsindikiza mwenyewe hadi Bukoba."

Robota likaanza kupaa. Wanaume wawili wakalikalia.

"Na wewe, Nelly?"

"Muhuri sina, dada yangu, kwa hiyo sina cha kukuahidi. Ila Jumatano sina mzigo. Twende wote hospitali, Kichina changu kinatosha kugombana. Wanaweza wakatukatalia vilevile."

Viatu vya Nelly vilikuwa vimetulia sakafuni. Nyuma ya Clementina minong'ono ikapita: huyu mama ni mzuri ila hana mvuto, kiongozi lazima umwone anakwenda juu.

Vikaratasi viligawiwa. Clementina alikaa na kalamu muda mrefu. Nelly alimpa Jumatano na uwezekano wa kukataliwa. Rodrick alimpa wiki hii, na Bukoba. Miezi minne ilikuwa imemchosha mno, alitaka kuambiwa ndiyo. Akaandika Rodrick.

Zilikuwa kura arobaini na sita kwa saba.

"Mei banfa, dada," Agustino alimwambia Nelly, yaani hakuna namna, maneno ya wauzaji wa Shisanhang bei inapogoma kushuka. Nelly alicheka, akabeba viatu vyake vya sampuli na kuondoka. Walipokata selotepu ili wampe mshindi mkono, mshindi alipanda moja kwa moja, ikabidi wampungie.

Jumatano ilipita bila Clementina kumtafuta Nelly. Ijumaa alikwenda ofisini kwa Rodrick. Rodrick alikuwa ameelea hadi dari, tai ikining'inia, muhuri mfukoni. Barua za watu wengine zilikuwa zimelala kando yake kwenye dari, nyingi kiasi. Clementina aliazima duka la jirani fimbo ndefu yenye ndoano, ile ya kushushia nguo zilizotundikwa juu, akapachika bahasha na kuiinua. Rodrick aliisoma barua yote kwa makini. Akasema imemgusa, akailaza pamoja na zile nyingine.

"Wiki hii hii," alisema.

"Leo ni Ijumaa, Rodrick."

"Ndiyo maana nasema."

Mgongo wake ukasukuma dari, nayo ikalia kidogo. Clementina alirudisha fimbo dukani, akatoka nje amejaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Akampigia mama yake.

"Kaburi walilichimba Jumatatu, uliposema ni wiki hii," alisema mama. "Tumelaza mgomba ndani lisikae tupu. Lakini mvua zimeanza, mwanangu, kingo zinamomonyoka. Tufanyeje?"

"Lifunikeni kwa mabati, mama."

Mama akauliza kama waazime mabati kwa jirani au wanunue kabisa.

Clementina akasema wanunue.