Mkurugenzi Asiyezima Mashine

Siku za mwanzo wifi yake alidhani mwanamke huyu amechanganyikiwa. Aliingia jikoni asubuhi kuinjika chai akamkuta amekaa kwenye kiti, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, macho yamefumbwa, wala hasali wala halali.

"Wifi, kuna mtu umemkosea unamwomba radhi kimoyomoyo?"

"Napumua."

"Mbona na sisi tunapumua, na kazi zinaenda?"

Akafumba macho tena. Tangu mumewe afariki, moyo ulikuwa ukimwenda mbio bila sababu: yuko kwenye foleni, au anakata kitunguu, mara anausikia unagonga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Daktari wa zahanati alipima kila alichoweza kupima, asione ugonjwa. Akamwambia, kila asubuhi kabla hujagusa simu, kaa, sikiliza pumzi yako, mawazo yakija usigombane nayo, yaache yapite. Basi. Hakumwandikia hata kidonge.

Aliona ni upuuzi, lakini akajikaza kisabuni. Akikaa, goti linawasha. Akituliza goti, anakumbuka sufuria ambayo hakuiloweka. Hata hivyo, taratibu, pakaanza kupatikana nafasi ndogo kati ya pumzi moja na nyingine, na ndani ya nafasi ile moyo ukalegea. Akarudi kula vizuri. Wifi, ambaye ni dada wa marehemu na aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, akaacha mzaha, akawa anachemsha chai kwa kunyata.

Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda cha udobi kilichofua mashuka na taulo za hospitali na hoteli. Yeye alikuwa afisa utumishi. Aliajiri, akasikiliza malalamiko, akapanga likizo. Wifi alikuwa kwenye pasi za roli, zile pasi ndefu zinazomeza shuka bichi upande mmoja na kulitema kavu upande wa pili. Kila kitu mle kilitegemea mvuke, na mvuke wote ulitoka kwenye boila moja iliyokaa nyuma ya ukuta wa ukumbi.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, hana papara, anakusikiliza mpaka unamaliza na bado anangoja kidogo kama una la kuongeza. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia, tena kwa kitabu kizima: kitabu cha safari yake ya kazi, kilichogawiwa kwa kila mkuu wa idara. Wengine walikitia droo. Afisa utumishi alikwenda nacho nyumbani, na hakukiweka chini.

Mtu yule alianza kwa kufagia karakana. Akapanda hadi usimamizi, akapewa viwanda vilivyokuwa taabani, akaviinua kimoja baada ya kingine. Alijulikana kwa jambo moja: hakuwahi kuzima mashine. Na kila asubuhi, tangu ujana wake, alikaa kimya. Aliposoma hapo, afisa utumishi alihisi kama amekutana na ndugu.

Sura aliyoipenda zaidi ilihusu kiwanda cha vigae. Dari lilikuwa na nyufa, wafanyakazi wakagoma kuingia. Mkurugenzi, wakati huo meneja kijana, hakubishana nao. Alichukua kiti, akakiweka chini ya ufa mkubwa kuliko yote, akakaa, akafumba macho. Akafanya hivyo kila siku, hata chakula alikula hapohapo, mpaka hofu ikawaisha wakarudi kazini wenyewe. Dari halikuanguka. "Hofu ni sauti tu," aliandika. "Ukiiacha ipite, inapita."

Alimsomea wifi ukurasa ule. Wifi alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo.

"Na lingeanguka?" akauliza.

"Halikuanguka."

"Nimekuelewa. Nauliza, na lingeanguka?"

Alicheka, akafunua ukurasa unaofuata.

Haukupita muda akamweleza Mkurugenzi kwamba naye hukaa kila asubuhi. Uso wa yule bwana ukachangamka. Hapohapo akaamua: kila siku kabla ya zamu ya asubuhi, mashine za ukumbini zisubiri kidogo, wafanyakazi wakae kwenye marobota ya mashuka, na yeye afisa utumishi awaongoze.

Walicheka sana mwanzoni. Mmoja alikoroma makusudi. Wakambandika jina, Mama Utulivu, na jina likamkaa. Lakini sauti yake ilikuwa na kitu. Ya chini, haina haraka. "Pumzi inaingia. Pumzi inatoka. Mabega yashushe." Baada ya muda hata wale wenye midomo mirefu wakawa wanawahi mapema wapate robota laini. Ugomvi ukapungua. Wanawake wakamwambia kwamba watoto wao nyumbani wanaona tofauti.

Tatizo ni kwamba, mashine zikinyamaza, boila ilisikika.

Zamani ilizibwa na kelele. Sasa ilikuwa peke yake nyuma ya ukuta, na ilikuwa na namna ya kupumua ambayo haikumpendeza. Inavuta, inanyamaza, kisha inatoa mvuke kwa kukwaruza, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Watu walifungua jicho moja.

"Ni sauti," aliwaambia. "Isikieni, iacheni ipite."

Wakafumba macho. Na yeye akafumba.

Fundi wa boila walimwita Moshi. Alikuwa mtu wa makamo, mwoga wa ofisi, akiingia anasimama mguu pande kama aliyekosea mlango. Siku aliyokuja kwa afisa utumishi alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama, wewe Mkurugenzi anakusikiliza. Mwambie tuizime. Vali ya kutolea mvuke inakwama. Leo nimeigonga ndiyo ikafunguka. Iko siku haitafunguka."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Mara nyingi. Ananisikiliza vizuri sana." Moshi akaizungusha kofia. "Ndiyo maana naogopa."

Alimwahidi, akapanda ngazi. Mkurugenzi alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akangoja.

"Moshi ni mtu mwema," akasema hatimaye. "Umeona mikono yake inavyotetemeka?"

"Nimeona."

"Mtu akishika chombo kwa mikono ile, chombo lazima kitamtisha. Boila itazimwa ikaguliwe mkataba mpya wa hospitali ukishaanza. Tukizima sasa, wagonjwa watalalia nini?" Aliinama kidogo mbele. "Wewe ulipoanza kukaa, moyo wako si ulikuambia unakufa?"

"Kila siku."

"Ulikufa?"

Akatikisa kichwa. Mkurugenzi akatabasamu, si kwa kejeli, bali kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichodondosha. "Mlete Moshi akae nasi."

Alishuka ngazi akiwa ametulia kabisa. Ni pale chini, alipoona mkono wake hautetemeki hata kidogo kwenye reli, ndipo kitu baridi kikampita mgongoni. Alikuwa amepanda na neno la hatari, akashuka bila neno, na hakujua lilimtoka wapi. Hata hivyo alimfikishia Moshi ujumbe, tena kwa sauti ileile ya asubuhi.

Moshi alimtazama. "Haya, Mama Utulivu," akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Kuanzia hapo kiti cha jikoni kilimkataa. Alikaa, akavuta pumzi, na mahali pa ile nafasi ndogo iliyolegeza moyo pakawa na giza lenye uzito, kama chumba ambacho mtu amesimama ndani yake asiseme. Alijaribu kuliacha lipite. Halikupita. Lilingoja.

"Sakafu ya kwetu siku hizi inatetemeka," wifi alisema asubuhi moja akipaka siagi mkate. Alisema kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. "Unaisikia kwenye nyayo. Wenzangu wengine wanavua ndara waisikie vizuri, wanacheka."

"Na nyie hamuogopi?"

"Tuliogopa. Si ukasema tuiache ipite?" Wifi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi yule bwana hatumjui, wifi. Wewe ndiye tunayekuamini."

Aliuweka mkate chini. Alikunywa chai ikamuunguza. Njia nzima wakienda kazini alitafuta maneno ya kumwambia Mkurugenzi, na kwa kila alilolipata aliona jinsi ambavyo yule bwana angelipokea kwa upole na kuliweka pembeni.

Ukumbini watu walikuwa wameshakaa. Mashine zikanyamaza. Akaanza. "Pumzi inaingia. Pumzi inatoka." Akasikiliza, kwa mazoea, ule mkwaruzo wa nyuma ya ukuta.

Haukuwepo.

Akangoja uvute, utoe. Hakuna. Kimya kilikuwa kimejaa, kizuri, kile ambacho angekishukuru siku nyingine yoyote. Akafumbua macho. Mbele yake watu wote wamefumba, nyuso zimelainika, wengine midomo wazi kidogo kama watoto waliolala. Mlango wa chumba cha boila ulikuwa umefunguliwa nusu, na kwa ndani alimwona Moshi mgongo kwake, akiigonga vali kwa nyundo, haraka haraka.

Akainuka. Alijua akipiga kelele watakanyagana mlangoni. Kwa hiyo aliitumia sauti ileile.

"Sasa, taratibu, fungueni macho. Simameni. Shikeni mkono wa aliye karibu. Tunatoka nje, polepole, hatusemi."

Nao wakamtii. Hilo ndilo lililokuja kumuumiza baadaye kuliko yote, jinsi walivyomtii kwa urahisi. Walitoka wakiwa wameshikana mikono, wengine wanatabasamu wakidhani ni zoezi jipya, mpaka uani karibu na geti.

Mkurugenzi alishuka. Hakukimbia.

"Kuna nini?"

"Boila imenyamaza," akasema. Sasa sauti ilikuwa inamtetemeka, na hakujali. "Izime. Mtoe Moshi mle, uizime."

"Imenyamaza," Mkurugenzi akarudia, "na kwa hilo unaogopa." Aliwageukia wafanyakazi. "Ndugu zangu, simlazimishi mtu. Naingia kukaa. Anayetaka kukaa nami, karibu."

Akaingia. Kupitia mlango mpana walimwona akivuta kiti hadi kando ya ukuta wa boila, akakaa, akafumba macho. Mgongo wima, uso umetulia. Hakuwa anaigiza, mtu yeyote angeona.

Mwanamume mmoja akacheka kwa aibu, akamfuata. Kisha wawili. Kisha kikundi cha wanawake wa pasi, wakitazama nyuma kwa afisa utumishi kama wanaomwomba radhi.

"Rudini!" alipiga kelele. "Jamani, msiingie! Nilikosea, nisikilizeni!"

Lakini walikuwa hawajawahi kumsikia akipiga kelele, na sauti ile hawakuijua. Wifi naye alikuwa amepiga hatua. Afisa utumishi akamkamata nguo, akamng'ang'ania kiunoni, wakayumba pamoja kama wagomvi.

"Niache, utanichania—"

Hakumaliza. Ukuta ulifumuka. Hawakusikia mlio kwanza. Waliona weupe ukijaa mlangoni, mwingi, mnene, kama mashuka yote ya kiwanda yamerushwa hewani kwa pamoja, ndipo mlio ukawapiga wakaanguka.

Moshi alikutwa na nyundo mkononi. Walioingia, wengine hawakutoka, na waliotoka hawakutambulika kwa sura. Waliobaki uani walipona, na kwa majuma mengi walikuja nyumbani kumshika afisa utumishi mikono na kumlilia, naye hakujua aweke wapi shukrani zile.

Mkurugenzi alipona. Alimwita afisa utumishi hospitali, naye akaenda, bila kujua kwa nini. Alimkuta amefungwa bandeji upande mmoja wote, jicho lililobaki likiwa tulivu kama zamani.

"Wewe ulisikia nini asubuhi ile?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Sikusikia kitu. Ndiyo maana nilitoka."

"Na mimi sikusikia kitu," akasema. "Nilidhani ni amani." Kisha, kwa sauti ndogo ya mtu anayesema ukweli, "Bado nadhani ilikuwa amani."

Afisa utumishi akatoka bila kuaga.

Mvua zilipokwisha, ukuta ulikuwa umejengwa upya, na boila mpya imeletwa. Wifi alirudi nyumbani na simu mkononi.

"Wametuita. Wanaandika watu kesho." Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu. "Wanasema asubuhi kutakuwa na kukaa kimya kama kawaida. Ataongoza Mkurugenzi mwenyewe."

"Na wewe utakwenda?"

"Nitafanyaje, wifi? Niambie wewe."

Asubuhi walitoka pamoja. Foleni ya getini ilikuwa ndefu, wengi wao wageni, vijana waliovaa nguo safi na kushika vyeti vyao vifuani. Afisa utumishi alianza kutoka nyuma, akimsimamisha mmoja mmoja, akieleza kuhusu vali, kuhusu Moshi, kuhusu siku ya kimya. Wengine walimsikiliza. Wengine walimpisha kwa adabu, kama anavyopishwa mama aliyefiwa. Mmoja alimuuliza kama foleni ya wanawake ni hiihii.

Juu, dirishani, Mkurugenzi alikuwa amesimama akiwatazama. Alipomwona aliinua mkono wake uliofungwa bandeji, akampungia, kwa furaha ya dhati, kama mtu aliyekuwa anamngoja. Kisha geti likafunguliwa, na foleni ikaanza kusogea.