Beseni Lililojaziwa

Mwanamke wa sokoni hana aibu inayomuuma kama beseni lisilojaa. Mwavita wa Nyamianda aliijua aibu hiyo, ndiyo maana asubuhi ile, kabla ya kwenda msibani, alimwonya wifi yake Dalila: "Samaki za Octave ni za mawe yetu tu. Hata zikiwa tano, peleka tano."

"Weye Mama Iddy, miye ni mtoto?"

Octave, mtafiti wa samaki, alikuwa ameeleza vizuri. Angekata kipande cha pezi la kila samaki aina ya kuhe, laboratwari ione kama kuhe wa mawe yale ya ziwani mbele ya kijiji ni ukoo wa peke yao au wanachangamana na wa mbali. Kama ni ukoo wa peke yao, wakiisha wameisha, hakuna jamaa wa kuja kujaza nafasi. Basi komite ya wavuvi ifunge mawe, yasivuliwe wakati kuhe wanalea vitoto. Mwavita aliomba yafungwe. Mwanawe Iddy alivua pale karibu, ukiwa mlangoni unamwona. Mawe yakikauka samaki, ataenda kilindini, kule mawimbi yalikommeza baba yake.

Majibu yakaja: wamechanganyika na kuhe wa Baraka, mji wa mbali kando ya ziwa. Komite ikasema, kama wa Baraka wanafika huku, mawe yatajijaza yenyewe. Hakuna kufunga.

"Baraka?" Mwavita akamgeukia Dalila. "Walipita wapi?"

Dalila akacheka, macho chini. "Wifi, beseni lilikuwa nusu! Mugeni akuje na vyombo vyake, tumuoneshe nusu? Nikajazia na za boti ya Baraka. Samaki si samaki?"

Mwavita akakimbia kwa Octave. Octave akashika kichwa. Atapima upya, lakini mapezi hupelekwa mbali, majibu labda mwaka ujao. Mwenyekiti wa komite naye hakutaka kusikia.

"Mama, jana mulisema hivi, leo vile. Sasa samaki nayo iko na kabila?"

Watu wakacheka.

Nyavu zikashushwa kwenye mawe, zikazoa kuhe waliokuwa wakilea, wao na vitoto vyao. Mvua ziliporudi, Iddy alikuwa akileta majani ya ziwani tu.

Siku moja akaonekana anapakia taa na koti zito.

"Mama, naenda kilindini pamoja na wenzangu."

Mwavita alichukua beseni tupu, akaliweka miguuni pa Dalila.

"Haya, wifi. Jazia."