Jamhuri ya Ukungu

Zuleica alipanda mteremko wa mji wa Ouro Preto akihema, begi begani, na kabla hajagusa mlango wa nyumba aliyoishi akiwa chuoni, ukafunguliwa. Wasichana asiowajua hata mmoja wakampokea kwa vigelegele.

"Moshi! Moshi amefika!"

Kazini, kwenye migodi, watu humwita Bi Mhandisi na kumpisha njia. Hapa jina lake ni Moshi, na ndilo lililoandikwa chini ya picha yake ukutani, pamoja na picha za wote waliowahi kuhitimu wakiishi humo. Kila Oktoba waliotoka hurudi kula pamoja na waliopo.

Nyumba kama hizo za wanafunzi ni mali ya chuo cha madini, lakini huitwa jamhuri, na kweli kila moja hujitawala. Wakazi wenyewe huamua nani aingie, nani apike, nani aende sokoni. Ya kina Zuleica iliitwa Jamhuri ya Ukungu, kwa sababu asubuhi ukifungua dirisha huoni hata kamba ya nguo zako.

Alifika humo ana miaka kumi na minane, kutoka Montes Claros, kwenye joto na nchi tambarare. Wenyeji walikuwa sita. Yeye alikuwa mbichi, ndivyo walivyowaita wageni: mbichi hufungua mlango, hununua mikate, hutaniwa, mpaka siku wote watakapokubali kwa kauli moja kwamba amekuwa wa nyumbani. Mmoja tu akikataa, mbichi hufunga virago.

Na Ivone alionekana mtu wa kukataa. Alikuwa mwaka wa tatu, mrefu, ulimi kama wembe.

"Mbichi, kwenu mna miguu au mnabebwa? Mikate imefika imepoa!"

Zuleica alivumilia baridi, alivumilia matani, lakini upweke ukamshinda. Ijumaa moja alipanga nguo zake, akashuka ngazi kimyakimya na sanduku. Akamkuta Ivone jikoni, anakunywa kahawa.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Basi la saa kumi na moja."

Ivone alitazama sanduku, akatazama ubao wa zamu. "Leo zamu yako kupika. Pika kwanza, halafu nenda. Watu hawatalala njaa kwa sababu wewe unamlilia mama."

Zuleica akateleka maharage kwa hasira. Hakuwa amewahi kupika. Kwao alikuwapo shangazi. Aliweka kuni nyingi, maji kidogo, akakaa juu ya sanduku lake na kuanza kulia. Alipoinua uso, hakuona hata meko. Moshi ulikuwa umejaa jikoni na unatoka dirishani.

Wavulana wa jamhuri ya jirani wakaja mbio na ndoo. Bila kuuliza wakamwaga maji mekoni, sakafuni, na ndoo ya mwisho ikammwagikia kichwani Ivone, aliyekuwa anaingia mlangoni.

Zuleica akajua amekwisha.

Ivone akafuta uso, akachungulia chungu. "Haya si maharage," alisema. "Haya ni makaa ya mawe. Chuo kimempa nafasi mtu sahihi."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Wengine wakafuata, na Zuleica naye, machozi bado yanamtoka. Wavulana wakarudi kwao kuleta ugali wao na soseji, meza zikaunganishwa uani, mtu akatoa gitaa. Walipokumbuka kutazama saa, jua lilikuwa linazama.

"Basi limekwenda," Ivone alisema.

"Kesho kuna jingine."

"Kesho zamu yako kuosha vyombo, Moshi."

Hakuondoka kesho wala keshokutwa. Siku ya kura, Ivone ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Zuleica alikaa miaka mitano, na hata leo, katika nyumba yake nzuri ya Belo Horizonte, huamka Jumapili akashangaa mbona kimya hivi, nani amekufa.

Sasa Ivone alikuwa hapo jikoni mezani, nywele nyeupe, goti limefungwa bandeji, anakata mboga za majani za watu arobaini.

"Umechelewa," alisema bila kuinua macho. "Shika kisu."

Zuleica akambusu, akavuta kiti. Wakakata wakisemana, huyu anakata manene, yule anazembea. Juu ngazini mlango ukagongwa kwa ngumi, sauti ya msichana ikapaa:

"Nani yuko bafuni? Toka, wewe!"

Wanawake wote watu wazima waliokuwa jikoni, wahandisi, walimu na bibi mmoja, wakajibu kwa pamoja, kwa mazoea ya miaka ile, kwa sauti kubwa:

"Dakika moja!"