Kisiwa cha Miaka Miwili na Nusu

Jana mchana Perusi aliota yuko kazini anapima visiwa uzito.

Si mtu wa ndoto huyu. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa, na akilala analala fofofo. Lakini jana alilala na kijitabu kifuani, kijitabu cha rangi chenye picha ya meli juu yake. Mumewe, Yona, alikuwa amekuja likizo kutoka mgodini, na mara hii alikuja na zawadi: mgodi umempa yeye na familia yake wiki nzima kwenye meli ya kitalii, wachague wenyewe waende wapi. Jibu lilitakiwa kumfikia wakala wa safari kabla ya saa kumi jioni hiyohiyo.

Na hawakuwa wameelewana. Yona alitaka Morisi kwa sababu ni mbali. Nyemo, binti yao wa miaka sita, alitaka Shelisheli kwa ajili ya kobe wakubwa. Perusi alitaka popote pale ambapo mtoto anaweza kulala mchana. Mdogo wao, Ezra, wa miaka miwili na nusu, alikuwa na sharti moja tu: yule mgeni asimshike.

Mgeni mwenyewe ni baba yake. Yona aliondoka Ezra akiwa na miezi mitatu, na tangu hapo anarudi kwa siku chache chache. Baba, Ezra anamjua sana. Baba yuko kwenye simu, anacheka, anauliza, "Umekula nini leo?" Siku Yona alipoingia mlangoni na begi lake, Ezra alikimbia kuleta simu ya mama. "Ona," akamwambia, "baba." Wote wakacheka, Yona naye akacheka. Kisha akaenda uani, akakaa huko muda mrefu akiosha viatu ambavyo vilikuwa safi.

Basi jana, baada ya ugali na mlenda, Yona aliwatoa watoto nje, na Perusi akajinyoosha kwenye kochi akisome kijitabu mara ya mwisho. Alifika pale palipoandikwa: Chagua kituo kinacholingana na umri wa mtoto wako. Macho yakafumba hapohapo.

Yuko kliniki. Benchi limejaa visiwa. Vimekaa vikichuruzika maji sakafuni, kila kimoja na kadi yake, minazi imechanwa vizuri.

"Anayefuata," anasema Perusi.

Visiwa mia na kitu vinasimama kwa pamoja.

"Nimesema kimoja kimoja."

"Sisi ndio Shelisheli," vinajibu. "Kadi yetu ni moja."

"Kobe mnao?"

"Tunao. Wako njiani, wanakuja kwa miguu. Watafika Alhamisi."

Perusi anaandika Alhamisi, anaviweka pembeni. Morisi kinasogea kikinukia sabuni, lakini kinakataa kuingia kwenye mizani. "Nimetoka kula," kinasema. "Njooni nyinyi kwangu."

Mwisho wa benchi kimebaki kisiwa kidogo, ukubwa wa beseni la kufulia. Kinalia. Hakuna aliyekileta, na kwenye kijitabu hakimo. Perusi anakinyanyua, anakitia kwenye kikaptula cha mizani ya kuning'iniza, kama anavyofanya kwa watoto wote. Mizani, ambayo kwa miaka kumi na moja haijawahi kufungua mdomo, inakohoa.

"Miaka miwili na nusu," inasema.

"Wewe unapima kilo."

"Leo napima umri. Si umesoma kwamba kituo kilingane na mtoto? Hiki kinalingana na Ezra. Hakijazidi hata siku moja."

"Kisiwa cha umri huo kina nini cha kutazama?"

"Meno kumi na sita. Na nepi hakijaacha."

Perusi anashtuka mpaka kalamu inamdondoka. Meno yapo kweli, anayaona, na ya mbele yana mwanya kama wa Ezra. Anainama kuokota kalamu.

Anapoinuka yuko kwenye sitaha ya meli. Yona yupo, na begi lake. Nyemo amejiegemeza kwenye vyuma vya ukingoni, anachungulia chini.

"Mama," anasema, "bahari haina kitu."

Perusi anafungua kijitabu. Kimeandikwa wazi: Siku ya kwanza, bahari tupu. Anachungulia naye. Ni mchanga mweupe mpaka macho yanapokoma, na meli imesimama juu yake kama ghorofa. Samaki wamepanga foleni na ndoo zao, kama mtaa uliokatiwa maji.

"Maji yanarudi lini?" anawauliza kutoka juu.

"Wamesema saa kumi," anajibu changu mmoja. "Lakini si unawajua."

Hapo linakuja jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa. Ndani yake hamna mtu. Limeshika daftari.

"Kila mtoto na mtu mzima wake," linasema. "Nyemo?"

"Mimi wa mama."

"Ezra?"

Ezra anaingiza mkono kwenye mkoba wa Perusi, anatoa simu, anaikumbatia. "Baba."

Jaketi linaandika huku likisoma kwa sauti. "Mtu mzima: simu. Apewe kitanda cha chini, karibu na soketi." Kisha linamgeukia Yona. "Na huyu?"

"Mgeni," anasema Ezra.

Perusi analivuta jaketi mkanda. "Huyo ni mume wangu! Hii safari ni yake!"

"Mama, mimi naandika anachosema mtoto. Hii ni safari ya familia yenye watoto wadogo. Mgeni anashuka kituo cha kwanza."

"Kituo cha kwanza kiko wapi?"

Jaketi linanyoosha mkanda wake kuelekea chini. Pale kwenye mchanga mkavu, peke yake, kimekaa kile kisiwa cha kliniki. Bado kinalia.

Mshtuko mkubwa zaidi unatoka kwa Yona. Habishi. Anatundika begi begani, anavaa kofia yake ngumu ya mgodini, anaiendea ngazi kama mtu anayeijua ilipo.

"Baba Nyemo! Unakwenda wapi?"

"Nashuka."

"Mbona husemi kitu?"

"Niseme nini, Mama Nyemo? Mtoto ameshasema. Na kushuka nimezoea."

Anamshika Nyemo kichwani. Mkono wake unakwenda kwa Ezra, unaishia hewani, unarudi mfukoni. Kisha anateremka ngazi, ngazi ndefu, Perusi akiitazama ile kofia inavyozidi kuwa ndogo.

Chini, Yona anatua begi. Kisiwa kinamwona, kinazidisha kilio. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Samaki wanajifanya hawaoni. Basi anakinyanyua, mikono imenyooka mbele kama aliyebeba sufuria ya moto.

"Siyo hivyo!" Perusi anapiga kelele kutoka juu. "Kilaze kifuani! Kichwa begani!"

"Kichwa kiko wapi?"

"Penye minazi!"

Yona anakigeuza, anakilaza. Anakipigapiga mgongoni kwa kiganja kipana, kwa uoga, na kwa kuwa hana neno jingine la kumwambia mtoto anasema lile moja analolijua. "Umekula nini leo?"

Ezra anaitazama simu mkononi mwake. Simu imezima, kioo ni cheusi. Anaitikisa. Anaisogeza sikioni.

"Umekula nini leo?" inasema tena ile sauti, na inatoka chini, kwenye mchanga.

Kisiwa kinanyamaza. Kinashusha pumzi. Halafu kinamkojolea Yona.

Ni maji ya moto yenye chumvi, yanamlowesha kutoka shingoni mpaka mkandani, na hayakomi. Yanajaa kwenye viatu, yanatambaa juu ya mchanga. "Yamerudi!" wanashangilia samaki, wanatupa ndoo zao. Yanamfika Yona magotini, yanamfika kiunoni. Meli inayumba, inaelea, inapiga honi na kuanza kuondoka.

"Simamisheni!" anapiga kelele Perusi. "Mtu wangu amebaki!"

"Meli haisimami bila kituo," linasema jaketi. "Chagua, mama, saa kumi inakaribia."

"Nachagua pale! Pale alipo!"

"Pale hakuna jina, na kwenye kijitabu hamna."

"Paandike basi!"

"Nimeshakwambia. Naandika anachosema mtoto."

Perusi anageuka. Ezra amepanda kwenye vyuma, Nyemo amemshika kaptula asianguke. Ezra anatazama chini, penye maji, anakitazama kile kichwa cha minazi, cha mtu mwingine, kilivyolala kwenye bega la Yona. Uso wake unavimba. Simu inamtoka mkononi.

"Shuka!" anakipigia kelele kisiwa. "Siyo wako! Baba yangu mie!"

Jaketi linafuta mstari. Linaandika upya, taratibu, herufi moja moja. "Si ungesema mapema," linasema.

Perusi akaamka.

Kijitabu kilikuwa kimeanguka sakafuni na saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo. Akataka kuita, lakini mlango wa uani ukasukumwa, na Yona akaingia kiupandeupande, polepole. Ezra alikuwa begani kwake.

"Kaja mwenyewe," Yona akanong'ona. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona ajali. "Nimekaa zangu na Nyemo, huyu akaja akanipanda. Sijui hata nimefanya nini."

"Lete nimlaze."

Perusi aliponyoosha mikono, Ezra, macho yakiwa nusu yamefumba, akaing'ang'ania shingo ya Yona kwa nguvu. "Baba yangu mie," akasema.

Yona akageukia ukutani. Mabega yakamtikisika, na Perusi akajifanya anatafuta ndala.

"Wakala tumwambie wapi?" akamuuliza baadaye kidogo.

"Popote," akasema Yona. "Ila pasiwe mbali. Nimechoka na mbali."

Perusi akamwandikia wakala: Shelisheli, Nyemo apate kobe wake. Ujumbe ukaenda zikiwa zimebaki dakika sita.

"Sasa mchukue," Yona akasema, maana Ezra alikuwa amelala kabisa. "Kaniharibia shati. Tazama."

Shati lilikuwa limelowa kutoka shingoni mpaka mkandani. Perusi akacheka, akampokea mtoto, akampeleka chumbani kumbadilisha. Akafungua nepi.

Ilikuwa kavu. Akaibonyeza kwa vidole viwili, kama anavyozibonyeza nepi za watu kila siku ya kazi. Kavu, kama ilivyotoka kwenye pakiti.

Akarudi mpaka mlangoni, akachungulia. Yona alikuwa ameinama uani, anakamua shati juu ya ndoo. Alikuwa analikamua kwa mikono miwili, akipumzika kidogo, kisha analikamua tena, na maji yalikuwa bado yanatoka. Ndoo ilikuwa imefika nusu.